Koti Lenye Mifuko

Kuna harufu moja nikikutana nayo, hata kama nilikuwa nacheka, kicheko kinaishia njiani. Ni mafuta ya cherehani yaliyochanganyika na ugoro. Najua hamjawahi kuvinusa pamoja. Hata mimi sijavinusa pamoja mahali pengine zaidi ya kwenye koti moja la kijivu ambalo liko kwangu, nimelitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Juzi mdogo wangu Editha alikuwa anavuta kanga ya kujifunika, koti likamwangukia kichwani, na chumba chote kikanukia Msamala ya zamani.

Editha yuko kidato cha tatu, na anapenda kusoma kwa sauti ili majirani wajue. Siku hiyo alikuwa kwenye mambo ya kinaya. Kuna kinaya cha maneno, anasema, mtu anatamka hiki anamaanisha kinyume chake. Kuna cha matukio, unategemea vile, yanakuja hivi. Halafu kuna kile ambacho msikilizaji anajua jambo, ila mhusika mwenyewe ndani ya hadithi hajui. Akatoa kichwa ndani ya koti, akaniangalia kwa huruma.

"Ila nyie wa darasa la saba hamkusoma haya, dada."

Hatukusoma, ni kweli. Sisi tulikaa nayo barazani.

Nilikuwa nakaa kwa babu na bibi pale Msamala, mtaa wa Songea. Babu yangu, Mzee Menasi, alikuwa amestaafu kazi ya ghala la tumbaku, akabaki na kazi mbili tu: kunusa ugoro na kumtukana Mzee Kihwele. Kazi ya pili ndiyo ilikuwa inamchosha. Huyo Mzee Kihwele alikuwa fundi cherehani, Mhehe kutoka Iringa, na cherehani chake kilishinda kwenye baraza letu, jioni anakirudisha chumbani kwake. Baraza alipewa bure, kwa sharti kwamba akubali kusemwa kuanzia asubuhi mpaka anafunga kazi. Kama hamjui, Wangoni na Wahehe ni watani. Babu zao walipigana vita mpaka wakachoka, wakaona bora waendelee kwa mdomo.

Basi asubuhi ilianza hivi. Babu anatoka na kigoda, jua bado halijapasha bati, anakaa, anavuta ugoro, anapiga chafya. "Kamwene, mla mbwa. Naona Simba wa jirani leo hajabweka. Umelala umeshiba?"

Mzee Kihwele anakanyaga cherehani, tak-tak-tak, hainui macho. "Nimeshiba, mkimbizi wee. Nyie si ndio mlikimbia huko kusini, mnakimbia mnatazama nyuma, mkajikwaa hapa Songea mkasema tumefika?"

Hapo bibi ataleta chai ya watu wawili kwenye sinia moja. Mimi mwanzoni nilikuwa naogopa, nadhani leo ndio watapigana. Baadaye nikashtuka kwamba babu akiumwa, wa kwanza kuja na uji ni huyu huyu, anauleta akisema, "Kunywa haraka ufe, nipate baraza lote." Nikaelewa kwamba pale matusi ndiyo salamu. Maneno unayapokea, unayageuza kama soksi, ndio unavaa. Nikawa hodari. Nilikuwa darasa la tano lakini kwa mdomo nilishamaliza chuo. Mzee Kihwele aliniita "kipande cha Mngoni", akanifundisha kuweka vifungo, na kila nikimchoma na neno zuri aliniachia kitambaa kilichobaki nikashonee mwanasesere.

Kulikuwa na mambo mawili lazima myajue. La kwanza, kila Mzee Kihwele alipotaka kupiga uongo mkubwa, alianza kwa kusema, "Leo sina utani." Anaacha cherehani, anavua miwani, anasema, "Mzee Menasi, leo sina utani. Nimetoka kwa padre. Amesema mbinguni Wangoni mtaingia, ila mtakaa jikoni." Kwa hiyo ukisikia "leo sina utani", unaandaa mbavu.

La pili ni shikamoo. Hawa wazee hakuna aliyejua nani mkubwa. Babu anasema yeye kazaliwa mwaka wa nzige, Mzee Kihwele anasema nzige walianzia Iringa, huku wakafika wamechoka, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza. Kila mmoja anasubiri aamkiwe. Miaka yote niliyowaona, hakuna aliyempa mwenzake shikamoo. Bibi alisema siku mmoja wao akiitoa, mvua ya mawe itanyesha.

Babu hakuwa na koti. Na Songea mwezi wa sita, mnajua wenyewe, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Mzee Kihwele alikuwa na kitambaa kizito cha kijivu, amekificha tangu enzi ambazo nguo ilikuwa inatafutwa kama dawa. Kila babu akitetemeka, yeye anampima mabega kwa tepu.

"Tulia nikupime, marehemu. Nakushonea koti lako la kuzikiwa. Mifuko siweki, maana huko huendi sokoni."

"Weka hata mmoja wa ugoro."

"Utanusa udongo."

Wapita njia wakicheka mpaka wanashika nguzo. Koti lenyewe hatukuliona. Lilikuwa koti la maneno, linashonwa mdomoni kila mwaka baridi ikifika.

Halafu ikaja ile miaka ya ruksa. Kama mlikuwepo mnakumbuka. Kabla ya hapo Mzee Kihwele alikuwa mfalme. Kitambaa hakipatikani, watu wanamletea chochote. Niliona kwa macho yangu pazia la sebuleni likigeuka suruali ya kipaimara, na yule kijana akapita mbele ya askofu amevaa maua ya pazia. Mara biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa sabuni zenye harufu ya pipi, na sokoni wakaanza kufungua marobota ya mitumba. Sisi tuliita kafa ulaya, tukiamini mzungu amekufa huko ndio nguo zimekuja. Watu wanajitupa kwenye lundo kama kuku kwenye mahindi. Suruali nzuri, imeshonwa tayari, ina zipu. Nani atakaa kusubiri fundi?

Tak-tak-tak ikaanza kupungua. Ikawa inalia kidogo, inanyamaza sana. Akapata sare za shule tu, baadaye viraka, baadaye akawa anapaka mafuta kwenye cherehani ambacho kilishapakwa jana. Na babu, mtani mwaminifu, akaona hapo ndipo pa kuchezea. Hivyo ndivyo utani unavyokwenda. Ukimhurumia mtani wako umemvunjia heshima.

Wazo la lile koti la kike lilikuwa langu. Mama Osmunda jirani alinunua koti la mtumba, jekundu, lina manyoya shingoni. Nikaliazima, nikamvalisha babu kule uani, nikamwambia atoke nalo barazani anyamaze tu. Babu akatoka anatembea kama balozi.

"Fundi," akasema, "lile la kuzikiwa basi tena. Nimepata kafa ulaya. Tayari, bila kupimwa, bila kutukanwa."

Mzee Kihwele alivaa miwani. Akamzunguka. Akashika kifungo kimoja.

"Menasi, hili vifungo viko upande wa kike. Umevaa koti la mjane wa kizungu."

Watu walicheka, jamani. Babu mwenyewe alikaa chini. Mimi nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi. Mzee Kihwele naye alicheka, lakini alirudi kukaa haraka, akaanza kukanyaga cherehani, na mimi nilikuwa karibu nikaona hakuna kitambaa chini ya sindano. Alikuwa anashona hewa. Niliona. Nikaona pia hilo linachekesha.

Baada ya hapo nadhani ilipita wiki moja au mbili. Babu alikuwa shambani, bibi yuko jumuiya, mimi nimetoka shule naosha vyombo uani. Mzee Kihwele akaja kwa mlango wa nyuma, kitu ambacho hakukifanya hata siku moja. Ameshika kifurushi cha gazeti, kimefungwa kwa uzi wa kushonea.

"Kolastika," akasema.

Mimi jina langu kwake lilikuwa kipande cha Mngoni. Nikageuka na sufuria mkononi nikitabasamu, nasubiri.

"Leo sina utani," akasema.

Sasa niambieni, mngekuwa nyie mngefanya nini? Nikaanza kucheka hapo hapo.

"Mwambie babu yako kesho naondoka na basi la Iringa la asubuhi. Narudi nyumbani moja kwa moja. Kazi imeisha, na kifua hiki hakinipendi. Mwambie aje stendi tuagane. Nimetaka nimwambie mwenyewe, ila nikianza atanijibu, na mimi nitamjibu, hatutamaliza." Akanipa kifurushi. "Hili lake."

"La kuzikiwa?" nikamuuliza.

"Mpe tu." Akaweka mkono kichwani kwangu, mkono unanuka mafuta ya cherehani. "Halafu, Kolastika. Mpe shikamoo yangu."

Nikamjibu, na naomba msinichukie, nikamwambia, "Kesho ukirudi kudai chai utakuta nimeinywa, mla mbwa."

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akaondoka kwa njia ile ile ya nyuma.

Babu aliporudi, nilimsubirisha anawe miguu, akae, anuse ugoro wake. Mimi ujumbe siwezi kuutoa mkavu. Nikavaa miwani ya bibi kwenye ncha ya pua, nikakohoa kama Mzee Kihwele, nikatembea kwa kupinda mgongo. "Menasi, leo sina utani! Kesho narudi Iringa, mbwa wa huku mmewakondesha! Njoo stendi ulie!" Niliweka kila kitu, basi, Iringa, stendi, kifua, vyote nikaviigiza. Babu alicheka machozi yakamtoka. Bibi akatoka jikoni na mwiko kuja kutazama. Nikampa babu kifurushi, akakata uzi kwa meno, likatoka koti. La kweli. La kijivu, zito, lina bitana ndani, kola imekaa kama ya mwalimu mkuu.

Babu akalivaa. Mikono ikashuka yenyewe, kama mikono ya mtu yeyote kwenye koti. Ikazama.

"Ee! Lina mifuko!" Akachokora ndani, akakuta kimfuko kingine upande wa moyo, saizi ya kopo la ugoro. "Mhehe kazeeka! Kasahau mzaha wake mwenyewe! Si alisema la marehemu halina mifuko?"

Tukacheka tena. Babu akaingiza kopo la ugoro kwenye kile kimfuko, likaenea kana kwamba vilizaliwa pamoja.

Ilibaki shikamoo. Ilikuwa mdomoni, nilishafungua midomo. Lakini kila mtu alikuwa anacheka, babu anakohoa kwa kicheko, bibi anajipangusa na kanga, na ile shikamoo, nikiikumbuka ilivyosemwa, haikuwa na mahali pa kuchekea. Nilijaribu kuitafutia sauti ya kuigiza nikakosa. Anayechekesha watu anajua, ukimaliza na kitu kisichochekesha unaharibu yote. Nikaiacha. Nikasema nitampa baadaye.

Asubuhi babu alitoka na kigoda, amevaa koti, ameandaa tusi la kuanzia siku. Akakaa. Akalirudia lile tusi kimoyomoyo, naona midomo inacheza. Jua likapanda, chai ikapoa kwenye sinia, kikombe kimoja kimejaa. Mchana akaenda chumba alichopanga Mzee Kihwele, akarudi anatembea taratibu. Mwenye nyumba kasema kaondoka na cherehani chake, basi la Iringa.

"Kaenda kusalimia," babu akasema. "Atarudi tu. Atapata wapi mwingine wa kumvumilia?"

Baridi ikaisha, ikaja mvua, tukapanda mahindi. Hakurudi. Aliyekuja ni kijana mmoja mrefu, mtoto wa dada yake, amefunga kitambaa cheusi mkononi. Mtani lazima apelekewe habari, hilo hata kama ni mbali. Alimwamkia babu, akakaa kwenye mkeka, akasema mjomba amefariki. Kifua. Babu alishusha kichwa, na kwa desturi ilibidi atoe neno la utani, kwamba afadhali, baraza limepata nafasi. Akalitoa. Lilitoka bila nguvu.

Halafu yule kijana, bila ubaya wowote, akasema, "Alikutaja mpaka mwisho, babu. Alisema siku anaondoka alikusubiri stendi. Basi linapiga honi, yeye amesimama chini, anamwambia kondakta, subiri kidogo, kuna Mngoni mmoja anakuja, anatembea polepole."

Babu alinigeukia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na maji ya mgeni. Sijawahi kuona macho yake vile, yalikuwa yanaomba.

"Kolastika. Si alisema kwa utani? Alivyokuja kukwambia, si alikuwa anatania?"

Hapo nilijua. Mtoto hivyo hivyo, nilijua yote kwa mara moja, mlango wa nyuma, jina langu zima, mkono kichwani. Nikatazama maji ndani ya kikombe.

"Ndiyo, babu," nikasema. "Alikuwa anatania."

Pumzi ikamtoka. "Nilijua," akamwambia kijana. "Yule mtu hakuweza kusema neno moja la kweli. Hata kuaga kaaga kwa utani." Na wakacheka wote wawili, kicheko cha msibani, kile kinachosaidia. Mimi nikaweka kikombe chini nikaenda uani.

Babu alikwenda Iringa na koti lake, akafanya kazi ya mtani kwenye kumaliza matanga. Nasikia alilala juu ya kaburi akasema hatoki mpaka apewe kuku. Akarudi na kuku. Na tangu hapo ile ikawa hadithi yake. Akija mgeni, msibani, kwenye pombe ya komoni, popote, ataisimulia: mtani wake aliyeaga kwa utani, akaacha koti lenye mifuko kwa kusahau. Kila akifika mwisho ananiita, "Muulizeni huyu, yeye ndiye shahidi." Na mimi naitikia, na watu wanacheka, na katika watu wote pale ni mimi peke yangu ninayejua hadithi yenyewe ilivyo. Ningemwambia? Nilipanga mara nyingi. Nikaona nikimpa shikamoo ile, lazima nimpe na stendi, na honi, na mtu aliyesimama chini anasubiri. Nikawa navuta siku. Nilijiambia namwonea huruma. Kumbe na mimi nilikuwa najionea huruma mwenyewe, na hiyo ndiyo ilikuwa kubwa zaidi.

Mifuko niliielewa nimeshakuwa mtu mzima, nashona kifungo cha koti hilo hilo, babu akiwa amelala. Mzee Kihwele hakusahau kitu. Fundi hasahau mifuko mitatu, tena mmoja kaupima na kopo la ugoro. Alikuwa amesema miaka yote kwamba anashona koti la kufa. Alipolikata kweli, akakata la mtu anayeishi, anayekwenda sokoni, anayesikia baridi. Ndilo neno la kweli alilokuwa nalo, akaliweka kwenye kitambaa maana mdomo wake ulishazoeleka. Na siku aliyojaribu kutumia mdomo akasema wazi kabisa, alikutana na mwanafunzi wake aliyefaulu sana.

Babu alipofariki, wazee walisema avikwe koti lake, mwenyewe si alikuwa analiita la kuzikiwa? Nikakataa. Watani walikuwa wamejaa, Wahehe wa mtaani, mmoja amekalia jembe hataki kaburi lichimbwe, mwingine amevaa kofia ya marehemu anaomba ugoro. Nikasimama katikati nimelikumbatia koti, nikasema hili haliendi udongoni, lina mifuko.

"Mwacheni, anataka urithi!" mmoja akapiga kelele.

"Leo sina utani," nikasema.

Jamani, walicheka! Waliangua kicheko uwanja mzima, mpaka waombolezaji wa ndani wakachungulia. Nikawaacha wacheke. Nikaingia chumbani alipolazwa, nikainama sikioni kwake, nikampa shikamoo ya Mzee Kihwele, na kule nje bado walikuwa wanacheka.